Kijiko cha Mkono wa Kushoto

Baba alipopatwa na kiharusi tulimtoa kijijini kwetu, jirani na Buigiri, tukamleta hospitali mjini Dodoma. Upande wa kulia ulikuwa umelegea na maneno yake hayakueleweka.

Miaka ile maduka ya mtaa wa Majengo pale mjini yalikuwa yameanza kujaa vitu vya nje. Shangazi, dada yake mkubwa, akaja wodini na boksi la juisi, akamnywesha baba akiwa amelala chali. Baba akapaliwa, akakohoa mpaka machozi yakamtoka.

"Nimemuua ndugu yangu!" shangazi akalia.

Muuguzi wa zamu, mama wa makamo, alikuja mbio akamwinua baba. Baba alipotulia, muuguzi akatugeukia. "Hamkujua. Koo nalo limelegea. Kitu chepesi kinawahi kuingia njia ya hewa." Kisha akaniambia, "Tazama dari, umeze mate."

Nilimeza kwa shida.

"Sasa inamisha kidevu. Meza."

Yakapita bila taabu.

Tangu hapo nilimkalisha baba wima, mito mgongoni, nikamlisha uji mzito wa uwele kwa kijiko cha chai. Kila mara nilingoja koo lake lipande na kushuka ndipo nichote tena. Bakuli moja lilikula karibu saa nzima, lakini sikuona uvivu. Sikuwahi kukaa na baba muda mrefu namna ile.

Yeye aliona aibu. Alikuwa mtu wa kuita ng'ombe kutoka ng'ambo ya korongo, nao wakaja. Siku ya nne alifumba mdomo.

"Mimi si mtoto," alisema kwa taabu.

Nikamtia kijiko katika mkono wa kushoto, mimi nikashika bakuli tu. Nusu ya uji ilimwagikia shuka, nusu aliimeza. Muuguzi akapita, nami nikajiandaa kugombezwa.

"Shikamoo, mzee. Kumbe leo unakula mwenyewe!"

"Marahaba," baba akajibu, wazi kabisa.

Baada ya wiki tatu tulirudi nyumbani. Jumapili moja mchungaji alikuja kumjulia hali, akamkuta anakula, akaanza kumuuliza hili na lile. Shangazi akainua kiganja.

"Mchungaji, subiri. Anameza."

Mchungaji akanyamaza, nasi sote tukanyamaza, tukimtazama baba, ambaye hakuwa na haraka hata kidogo.