Nyumba Mbili za Kitsongo, Wajenzi wa Mitumbwi

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kamba ya kupimia, kopo la rangi nyekundu na onyo. Chef de bureau, yaani mkuu wa ofisi yetu pale Beni, alikuwa mtu mrefu kutoka Kasai, asiyevua tai hata jua likiwaka. Alifunga mlango kwanza, ndipo akasema.

"Monsieur Lofemba, weye ni mutu wa Kisangani, unajua mto. Mais hapa ni ziwa, na hii ziwa iko na benyewe."

"Benyewe ni nani, Chef?"

"Ukoo wa Kitsongo. Banagawanyika nyumba mbili. Ukikunywa kasiksi, pombe ya ndizi, kwa Mwami kule Butembo, Mama Masika wa Kyavinyonge hatakupa hata maji. Pima mitumbwi, andika, rudi. Hapana uliza maulizo."

Katika maagizo yote aliyonipa, hilo la mwisho ndilo pekee nililoshindwa kulitii.

Kazi yangu ilikuwa ukaguzi wa vyombo vya ziwani. Nilipima urefu, upana na kina, nikapiga hesabu, kisha nikachora mstari mwekundu ubavuni. Maji yakigusa mstari ule, chombo kimeshiba, asiongezwe mtu wala gunia. Nafasi inayobaki kati ya mstari na ukingo tuliiita franc-bord, na hiyo ni ya mawimbi, kwa sababu ziwa lile huwa laini kama sahani asubuhi, halafu mchana upepo unateremka kutoka milimani bila kubisha hodi. Mtu ambaye hajawahi kuona upepo ule huona franc-bord kuwa nafasi ya bure.

Nilianza na Butembo. Mwami Paluku, mtemi wa ukoo, alikuwa na kiwanda chake karibu na uwanja wa ndege wa Rughenda, mahali ambapo ndege ndogo zilipita juu ya mapaa hadi mbao zikatetemeka. Nilishangaa: mitumbwi inajengwaje mlimani, mbali na maji namna hii? Mwami alinieleza mwenyewe, amekaa kwenye kiti chake, mikono imetulia juu ya fimbo. Mbao za libuyu, ule mti mwekundu mgumu, zilipasuliwa pale, zikafungwa zikawa chombo kizima, kila kipande kikaandikwa namba, kisha chombo kikafunguliwa na kupakiwa kwenye lori mpaka Kyavinyonge, kando ya ziwa. Huko kilifungwa tena.

"Zamani babu zetu walikuwa bami, watemi wa kilima tu," aliniambia. "Watu walituletea maharagwe. Baba yangu Kitsongo alishuka ziwani, akakaa na wazungu wa samaki miaka mingi, akajifunza kufunga ubao kwa ubao. Alirudi, akajenga. Tangu siku ile hakuna mvuvi aliyeingia majini bila kupita kwetu. Damu ilitupa kiti. Mbao ndizo zilitupa watu."

Mitumbwi yake ilikuwa mizuri, sikuona mizuri zaidi popote. Pua imeinuka, mbavu za ndani zimekunjwa sawasawa kama za ng'ombe. Ila kwenye viungo, pale ubao unapokutana na ubao, alipigilia vipande vya bati. Nikauliza kwa nini bati. Mwami akatazama ndege iliyokuwa inapita.

Jibu nililipata Kyavinyonge. Mama Masika alikuwa amepiga magoti chini ya mtumbwi uliopinduliwa, anasukuma pamba kwenye ufa kwa patasi isiyo na makali, kisha anapaka lami ya moto. Kazi hiyo watu wa bahari huiita kalafati. Hapa wanasema tu kuziba. Mikono yake ilikuwa myeusi mpaka kwenye viwiko. Mitumbwi yake haikuwa na sura. Nilipanda mmoja, nikashika chini kwa kiganja: mkavu kama meza.

"Umetoka kwake," alisema bila kunitazama.

"Nimetoka Beni, Mama. Ni serikali inanituma."

"Viatu yako iko na udongo mwekundu ya Rughenda. Ikaa. Uliza ile unataka kuuliza."

Basi nikauliza. Kitsongo alikuwa na wake wawili. Paluku alitoka kwa mke mkubwa, Katembo kwa mke mdogo. Mzee aliwafundisha wote wawili, lakini Paluku alikuwa mrithi wa kiti, na mrithi hagusi lami. Alijifunza kuchora, kukata, kukunja mbavu. Kuziba kulikuwa kazi ya Katembo na mkewe Masika. Baba alipofariki waligombania kila kitu: nani aanze kushusha chombo majini, nani aweke alama ya ukoo. Lakini hata hapo bado walifanya kazi pamoja. Kilichowatenganisha ni kifo cha Katembo. Mwami alikataa azikwe kwenye kilima cha ukoo, eti mtoto wa mke mdogo. Masika alimzika mumewe kando ya ziwa, na siku ile ile akaapa kwamba hakuna mkono wa nyumba yake utakaoziba chombo cha Butembo.

"Njo maana anapiga bati," alisema. "Bati iko inatosha siku ya kwanza."

Vita vya kwanza vilipita kwetu kama maji ya mafuriko, kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Tai ya Chef wetu ilipotea, na Chef mwenyewe akarudi Kasai. Akaja mwingine, mwalimu wa zamani kutoka Lubero, mpole, aliyeniambia, "Weye endelea kupima tu. Ziwa hapana badilisha serikali." Niliendelea. Vita vya pili vilipoanza, chef wa tatu aliwekwa na watu wenye bunduki, naye aliniita mara moja tu, kuniuliza ni chombo gani ziwani kinachobeba watu wengi kuliko vyote.

Chombo hicho kilikuwa cha Mwami, na kilikuwa hakijaguswa na maji. Ilikuwa baleinière, yaani mtumbwi mpana wa mbao unaosukumwa na mota, mkubwa kuliko vyote vilivyowahi kutoka Butembo. Kiliteremshwa kwa lori vipande vipande wakati wa kiangazi. Wiki ile kilipokuwa kinafungwa ufukweni, mapigano yalikaribia vijiji vya jirani. Watu walimiminika Kyavinyonge na magodoro, mbuzi, sufuria, wakitaka kuvuka kwenda Uganda. Wavuvi walikuwa wamekwisha kuficha mitumbwi yao kwenye matete, kwa sababu askari walikuwa wanachukua mota. Kikabaki chombo cha Mwami.

Walikisukuma majini asubuhi. Kabla sijamaliza kikombe cha chai, maji ndani yake yalikuwa yamefika magotini. Jua la njiani lilikuwa limekausha mbao, viungo vikafunguka, bati zikainuka kama magamba. Mwami alisimama mchangani. Nyuma yetu watoto walikuwa wanalia.

Nilikwenda kwa Mama Masika. Nilimkuta amekwisha kusikia.

"Mimi nilikula kiapo, Inspecteur."

"Watu hawa hawakukuapisha, Mama."

"Ninajua." Alifuta patasi yake. "Akuje yeye mwenyewe. Hapana tuma mutu. Akuje aniulize."

Sikuamini angekuja. Mwami Paluku alikuwa na zaidi ya miaka sitini, na sikuwahi kumwona akienda kwa mtu. Watu ndio waliokwenda kwake. Lakini alikuja, akitembea mchangani, fimbo ikizama kila hatua. Alikaa kwenye gogo, chini kuliko alipokaa Masika.

"Mwali wa baba yangu," Mwami alisema, akimwita binti wa Kitsongo kama dada yake, "unanifundisha namna gani ya kuziba?"

Mimi nilidhani angemwomba wafanyakazi. Aliomba afundishwe. Masika alimtazama sana, kisha akampa pamba.

"Kunja hii mara mbili. Hapana nguvu. Ukisukuma na nguvu, ubao inakasirika."

Waliziba siku mbili, tangu jua linapotoka mpaka linapozama, watu wa Butembo na wa ziwa wamepiga magoti bega kwa bega, wanazozana kuhusu kila kitu. Mwami aliungua vidole. Siku ya tatu chombo kilishuka na hakikuingiza maji. Hapo ikawa zamu yangu.

Nilipima. Hesabu ilinipa watu arobaini na watano. Nilichora mstari, na waliopanda walikuwa hamsini na tisa, mstari umekwisha kuzama. Nikasema kumi na wanne washuke. Hakuna aliyesogea. Mama mmoja alinishika shati, akaniambia polepole, "Papa, chagua weye. Onyesha kwa kidole, nani anashuka." Nilitazama nyuso zile. Nilichukua kopo, nikachora mstari mwingine juu ya ule wa kwanza, upana wa kiganja. Ni mara moja tu katika miaka yote ya kazi niliandika uongo kwenye ubavu wa chombo.

Kilivuka. Kilirudi, kikavuka mara ya pili. Siku ile upepo haukuteremka kabisa. Kiliporudi mara ya tatu askari walikuwa wanakingoja, wakakichukua, na hatukukiona tena. Waliobaki ufukweni walikimbilia kwenye matete na njia za mlimani. Wengine niliwaona baadaye, wengine hapana.

Vijana wanaofanya kazi yangu sasa huja kwangu Beni na maswali, na hili nawaambia wazi: msisifu mstari wangu wa pili. Mimi sikupima upepo, ulininyamazia tu. Kama ungekuja, ningekuwa nimeua watu hamsini na tisa. Na bado sijui ningeonyesha nani kwa kidole.

Baada ya vita nyumba mbili zilirudia ugomvi wao, safari hii kuhusu nani aliyejenga chombo kile. Butembo wanasema mbao, Kyavinyonge wanasema lami. Mwami Paluku alifariki mwaka mmoja kabla sijastaafu. Nilikwenda kwenye mazishi, kilimani. Watu walinong'ona kwamba aliacha neno kwa wazee: mifupa ya mdogo wake Katembo itolewe ziwani, iletwe, ilazwe kando yake.

Nilimwona Mama Masika amekaa miongoni mwa wanawake wa ukoo, mara ya kwanza kukanyaga kilima kile tangu awe mjane. Nilimsogelea, nikamuuliza, kwa sababu sijawahi kujizuia kuuliza: atakubali mifupa ihamishwe?

"Hapana," alisema. "Katembo anapenda pale. Anasikia maji." Kisha akanyoosha kanga yake magotini. "Mais hii mara wazee waliuliza. Wasingya, asante. Waambie niliwashukuru."