Mpinzani Wangu wa Jikoni

Niseme ukweli mapema, nisije nikaupamba baadaye: nilimwonea wivu mpishi. Ungekuwa wivu wa mume ningejua pa kuupeleka. Nilikuwa mshauri wa wanafunzi katika chuo kikuu kidogo pale Kasulu, nina cheti cha ushauri nasaha ukutani, viti viwili vyenye mito, pazia la kijani nililolishona mwenyewe, na daftari ambalo kila anayeingia alitakiwa kuandika jina, mwaka wa masomo na shida yake. Muhula mzima daftari lile lilikuwa na majina manne. Wawili kati yao walikuwa wamepotea njia, wanatafuta ofisi ya usajili.

Shida zote za chuo zilikuwa zinakwenda jikoni.

Mpishi mkuu wa bwalo alikuwa mwanamke wa rika langu. Wazazi wake walikimbia kutoka Burundi wakiwa wamembeba mgongoni, na uraia ameupata akiwa mtu mzima mwenye wajukuu. Kila jioni baada ya vipindi alimwaga maharage ya kesho juu ya mkeka nyuma ya jiko, na wanafunzi wakaja kumsaidia kuchambua. Hakuna aliyewaita. Walikaa kuuzunguka mkeka, macho chini, vidole vinatafuta vijiwe, na baada ya muda midomo ikaanza kusema. Huku kwetu Uha mtu hakai akamkabili mwenzake uso kwa uso na kumwaga ya moyoni. Huyasema akiwa na kazi mkononi, kana kwamba anayaambia maharage. Na mimi ni Muha wa Buhigwe, nimelelewa hivyo hivyo. Habari za mchumba wangu wa kwanza nilimwambia mama tukimenya muhogo. Kwa hiyo nilijua. Lakini cheti kilinifundisha kumkalisha mtu mbele yangu na kumtazama machoni, na cheti kile nilikihangaikia miaka miwili. Sikuwa tayari kushindwa na mkeka.

Dirisha la ofisi yangu lilitazama jikoni. Nilijifanya nasahihisha karatasi, kumbe nahesabu vichwa. Nilisikia kicheko, halafu kimya, halafu sauti ya mpishi: "Ego, mwana wanje, sema tu." Ndiyo, mwanangu, ndivyo alivyowaambia. Jioni moja nilimwona msichana analia pale, anafutwa machozi kwa pindo la khanga ya mpishi, nikasema peke yangu kwa sauti, "Mtoto wa wakimbizi ndiye atufundishe sisi kulea?" Naona aibu kuiandika sentensi hiyo. Niliisema, tena niliisema kwa Kiha, ili niionje vizuri.

Msichana yule alikuwa wa mwaka wa pili, mwenyeji wa Kibondo. Baba hakumjua, na mama yake alifariki wakati wa likizo. Tangu arudi chuoni hakuweza kusoma: jicho linapita juu ya mistari, hakuna kinachoingia. Alikuwa ameshaanguka masomo matatu, na mitihani ya marudio ilikuwa karibu. Akianguka tena, ndiyo basi, anaondolewa chuoni. Wenyewe wanaita kudisko, na neno hilo hulisema kwa sauti ya chini. Haya yote niliambiwa na mhadhiri wake, si yeye. Mimi nilimsubiri. Kila jioni alipita mlangoni kwangu akienda kwenye maharage, na kila jioni nilikohoa kidogo ili ajue nipo.

Basi nikaandika dokezo kwa utawala. Sikumtaja mpishi kwa ubaya hata kidogo, mjanja mimi. Niliandika habari za usafi, maji yanayochemka, na usalama wa wanafunzi. Wiki haikuisha, kibao kikapigiliwa kwenye mlango wa jiko: wanafunzi marufuku. Mpishi alikuja ofisini kwangu na aproni yake, akapiga taratibu makofi ya salamu kama tunavyosalimiana watu wazima huku Uha, akauliza kama nimesikia ni nani aliyemchongea. Nikamwambia, "Mama, hayo ni mambo ya utawala, mimi sijui." Akanishukuru akatoka.

Siku ya tatu msichana akabisha hodi.

Niliinuka kwa haraka hadi nikajigonga goti kwenye meza. Hatimaye na mimi! Aliandika jina lake daftarini, pa kuandika shida akapaacha wazi. Akakaa. Nikamtazama machoni kama nilivyofundishwa, naye akatazama mikono yake, ambayo haikuwa na la kufanya.

"Madam," akasema, "kichwa changu hakishiki kitu."

Hapo ndipo nilipotakiwa kunyamaza. Badala yake nikauliza, "Na yule mama wa jikoni, ulipomwambia alikujibu nini?"

"Hakujibu, madam. Alisikiliza."

"Huwa anawaambiaga nini kuhusu mimi?"

"Hakuna, madam."

"Sasa mnamfuataga nini kule? Anawapa chakula?"

Maswali yalinitoka tu, moja linavuta jingine. Nilitaka kujua yule mama ana nini ambacho mimi sina, na mtoto aliyefiwa alikaa mbele yangu akinijibu kwa adabu, swali kwa swali, mpaka akaomba ruhusa kwamba ana kipindi. Hakuwa na kipindi. Nililifunga daftari nimeridhika kabisa, nimepata jina la tano.

Alhamisi kitanda chake kilikutwa kitupu, na simu yake haipatikani.

Aliyejua pa kumtafuta alikuwa mpishi, angekuwa nani mwingine? Alisema msichana ana shangazi anayeuza dagaa sokoni Kibondo. Marudio yalikuwa yanaanza Jumatatu, na asipotokea ameondolewa. Njia ya kumwokoa ilikuwa moja, fomu ya kuahirisha masomo, nayo isainiwe na mwanafunzi pamoja na mshauri kabla ya mtihani wa kwanza. Nikaitia fomu kwenye mkoba, nikameza mate machungu, nikamwomba mpishi tufuatane. Jumamosi asubuhi tukapanda basi.

Njiani alinisimulia habari za yule mtoto. Kwamba hapendi bamia. Kwamba mama yake aliimba sauti ya kwanza kanisani, na tangu msiba yeye hathubutu kuimba. Kila alichokijua kilinichoma. Tulipokuwa tumeiacha Kasulu mbali sana, nikashindwa.

"Mama, lile dokezo la jikoni niliandika mimi."

Alikuwa anatazama nje, kwenye mashamba ya muhogo. "Nilijua, mwalimu. Siku ile nilipokuja hukunitazama."

"Mbona ulinishukuru?"

"Ningefanyaje? Watoto walikuwa wamebakiwa na wewe peke yako. Nilitaka uwapokee."

Ningependa kusema kwamba wivu uliniisha palepale, lakini haukuisha. Uliongezeka, maana sasa nilimwonea wivu hata kwa wema wake.

Tulimkuta msichana nyuma ya meza ya shangazi yake, anachagua dagaa, anatoa mchanga na vichwa vilivyovunjika. Alipomwona mpishi alisimama, akaketi tena. Mpishi hakumkumbatia wala hakumwuliza kitu. Alivuta kreti tupu akakaa ubavuni kwake, akaingiza mikono kwenye lundo. Wakachagua. Mimi nilisimama na mkoba wangu katikati ya wateja, nasukumwa huku na huku.

Baadaye nikamsikia msichana akisema, macho yake kwenye dagaa, "Nilienda kwa madam."

"Ego."

"Akaniuliza habari zako."

Mpishi hakugeuka kunitazama, ingawa alijua nasikia. "Mimi habari zangu ziko palepale," akasema. "Sema zako."

Akazisema. Alisema kwamba alikuja Kibondo ili asisubiri kufukuzwa mbele za watu. Kwamba usiku anasikia mama yake anamwita, anaamka anaitika. Alizungumza mpaka lundo likapungua, na mpishi hakumkatiza hata mara moja. Kisha akaniita mimi.

"Mwalimu, mambo ya karatasi siyajui, na kusoma sikusoma. Kaa hapa umweleze."

Nikakaa upande wa pili, nikatumbukiza mikono kwenye dagaa na mimi, nikaeleza nikiwa nimeinama. Mwaka mmoja wa kupumzika, nafasi yake inabaki, marudio atafanya akirudi.

"Kwa hiyo sidisko?"

"Hudisko."

Akashusha pumzi ndefu. Na mimi, Mungu anisamehe, nilichungulia kuona kama mpishi amesikia kwamba hilo nimelifanya mimi.

Tuliijaza fomu juu ya gunia. Mwisho kulikuwa na nafasi ya ndugu wa karibu atakayepigiwa simu na chuo, jina lake na uhusiano wake na mwanafunzi. Shangazi alikuwa hatua mbili kutoka pale, anampimia mteja. Msichana akaandika jina la mpishi. Kwenye uhusiano akasita, kisha akaandika neno moja: mama. Akaniinulia macho.

"Madam, inaruhusiwa?"

Kanuni ilitaka ndugu, na niliijua kwa kichwa. Ningesema tu hairuhusiwi na hakuna ambaye angenilaumu. Neno lenyewe lilikuwa limeshafika mdomoni.

"Inaruhusiwa," nikasema, nikasaini.

Mpishi alifuta vidole, akainama juu ya fomu, akaitazama mistari kwa makini. "Ameandika nini hapa, mwalimu?"

Msichana aliinamisha uso. Nikabaki mimi.

"Ameandika kwamba wewe ni mama yake," nikasema, na ikanibidi kurudia, maana mara ya kwanza sauti haikutoka.