Jaji Asiyetoa Sare

Kanuni yake ilikuwa moja: hatoi sare. Kwa miaka ishirini na sita aliketi kando ya ulingo kila Jumamosi, jaji wa ngumi za ridhaa, penseli mkononi na kifutio mfukoni, na hakuna pambano hata moja lililopita mikononi mwake likaisha nguvu sawa. "Hata vidole vya mkono mmoja havilingani," alikuwa akisema. "Anayetoa sare ni mvivu wa kutazama."

Siku za kazi alikuwa mpima magunia kwenye ghala la nafaka, na mizani ya huko ilimthibitishia hayo hayo: lazima upande mmoja uzame. Watu walimwita Kumi-Tisa, maana mshindi wa raundi hupewa pointi kumi na mshindwa tisa. Tabia hiyo ikamfuata nyumbani kama mbwa anavyomfuata bwana wake. Majirani wakigombana uani, yeye alitoka na kiti. Binti zake wawili walikua na ubao wa chaki nyuma ya mlango wa jikoni: nani kapiga deki, nani kajibu kwa adabu, kumi, tisa. Alidhani hiyo ndiyo haki. Watu wengi wanaoumiza wenzao hudhani hivyo.

Katika gazeti alichopenda kuliko vyote ni ile orodha ya mabondia bora duniani, ratili kwa ratili: unajifanya wote wana uzito mmoja, kisha unauliza nani fundi zaidi. Aliona ni busara inayofaa hata kwa familia. "Mkubwa ana akili," alikuwa akisema mbele yao wote wawili, "lakini ratili kwa ratili, mdogo ndiye."

Mama yao alipofariki, mgeni mmoja alimfariji kwamba angalau ameachiwa mabinti wema. Akajibu, "Kweli. Mkubwa kalia vizuri, ila mdogo kapokea wageni vizuri zaidi. Kumi kwa tisa, kwa mdogo."

Mkubwa alikuwa nyuma ya pazia na sinia la vikombe. Hakuliangusha. Aliliweka chini taratibu, akachukua mkoba wake, akaondoka. Mdogo alisikia pia, akanyamaza, na dada yake akahesabu kunyamaza kule kuwa ni kupokea ushindi. Ikapita miaka mitatu hawajakaa chumba kimoja.

Mzee akastaafu ghala na ulingo. Akabaki na nyumba yenye viti sita na tako moja. Alichotaka sasa kilikuwa kidogo: awaone wanawe wote wawili chini ya paa lake. Basi ilipotangazwa kwamba namba moja na namba mbili wa orodha ile wamekubali kupigana, akaona mlango umefunguka.

Mkubwa alikuwa muuguzi. Akampigia simu: presha imepanda. Mdogo alikuwa fundi umeme. Akampigia: soketi ya televisheni inatoa cheche. Wakafika saa nne asubuhi ya Jumapili, kwa kuwa kule kwenye pambano ulikuwa bado usiku wa jana.

"Presha yako nzuri kuliko yangu," mkubwa alisema, akikunja mkanda wa kipimo.

"Na soketi hii haijawahi kuona cheche," mdogo alisema kutoka nyuma ya televisheni.

Wakatazamana, wakaacha haraka.

"Basi mmeshafika, kaeni," baba alisema. "Namba moja na namba mbili, wanangu. Hamtaona tena."

Mkubwa aliketi karibu na mlango, mkoba begani. Mdogo alikalia kisanduku chake cha zana. Kengele ikalia, na mzee akaanza kuandika pointi kwenye kadi yake. Namba moja alikuwa mrefu, anatumia kushoto, anapiga na kuondoka. Namba mbili alikuwa mfupi, anaingia chini kutafuta mbavu. Raundi ya tatu mkubwa akashindwa kuvumilia.

"Jamani, si alinde ubavu!"

"Alinde na nini? Mkono uko juu kama anaaga basi."

Mkubwa akacheka kwa pua. Raundi ya saba mkoba ulikuwa sakafuni. Raundi ya kumi walikuwa kwenye kochi moja, wakigombania mto.

"Dada, si ulisema mfupi atachoka?"

"Atachoka. Subiri."

"Nisubiri mpaka nistaafu?"

Mzee aliwaona kwa pembe ya jicho, moyo ukamjaa. Hapo ndipo alipotakiwa kuweka penseli chini.

Raundi ya kumi na mbili ilipokwisha, wote wawili walisema kwa pamoja, "Sare!" Wakapigana viganja. Kwenye televisheni jaji wa kwanza kampa mrefu, wa pili kampa mfupi, wa tatu nguvu sawa. Sare.

"Baba, kadi yako inasemaje?"

Akaitazama. Mia na kumi na nne, mia na kumi na nne. Hata mwanafunzi wa ujaji anajua kwamba kadi haiguswi baada ya kengele. Yeye mwenyewe aliwahi kumshtaki jaji mwenzake kwa kosa hilo, na mwenzake huyo akafukuzwa. Akatoa kifutio, akafuta raundi ya nne.

"Mfupi. Mia na kumi na tano kwa mia na kumi na tatu."

"Umefuta, baba. Tumekuona."

"Nimesahihisha."

"Si hata majaji wamesema sare?"

"Wavivu." Kisha sauti ikalainika, kama mtu anayetoa zawadi aliyoificha siku nyingi. "Ila ninyi mmejua kutazama. Mkubwa ndiye aliyeanza kusema, mdogo kadandia. Kumi kwa tisa, kwa mkubwa. Haya, na ya msibani yameisha. Kila mmoja ana lake."

Alikuwa akiomba radhi. Hakuwa na lugha nyingine.

Mkubwa akaokota mkoba. Mdogo akafunga kisanduku.

"Unaelekea wapi, dada?"

"Nyumbani."

"Nikusindikize?"

"Twende."

"Ngojeni!" mzee aliita. "Wataionyesha tena raundi ya nne, mtaona!"

Siku hizi mabinti hao hula pamoja kila Jumapili, nyumbani kwa mdogo. Humjulia baba yao hali kwa simu, kila mmoja kwa siku yake. Kadi ameihifadhi, na pale kwenye raundi ya nne karatasi imetoboka. Kanuni yake hakuivunja. Ilimgharimu binti zake wote wawili.