Kipindi cha Watoto Nje ya Uzio

Mama mmoja fundi cherehani alikuwa amefundisha watoto wa Jumapili kanisani kwao kwa miaka ishirini na miwili. Watoto walimwita Ticha, na jina likamganda hata wazazi wao wakalichukua. Gonjwa lilipoingia na amri ikatoka kwamba makanisa yafungwe, yeye ndiye aliyefunga chumba cha watoto. Alipandanisha vile viti vifupi, akafuta ubao, akatia kufuli mlangoni, kisha akabaki amesimama kama mtu aliyesahau alikokuwa akienda.

Watoto walikuwa thelathini na mmoja. Mchungaji alisema vipindi vihamie kwenye video. Wazo zuri, ila nyumba zenye simu za namna hiyo zilikuwa tisa tu. Basi kila Jumamosi Ticha aliacha kushona barakoa, akapiga simu nyumba hadi nyumba, akisimulia hadithi ileile ya Biblia mpaka sauti ikamkauka.

"Ticha, Nuhu naye alikuwa karantini?" mmoja aliuliza.

"Tena siku nyingi kuliko sisi. Na wanyama humohumo ndani!"

Aliyemchosha kwa maswali kuliko wote alikuwa binti wa miaka minane waliyembandika jina Kasuku. Jumamosi moja simu ya kwao ilipokelewa na shangazi yake.

"Ticha, bibi yake ametutoka. Juzi. Waliomzika ni watu wa afya, sisi tukaruhusiwa kumi tu. Mtoto tulimwacha kwa jirani."

"Poleni sana, dada. Nipe niongee naye."

"Haongei. Hata kula ni kwa kubembelezwa."

Bibi huyo ndiye aliyemlea tangu ananyonya.

Ticha alimweleza mchungaji kwamba anataka kwenda. Mchungaji akamsihi asubiri hali itulie. Hakuwa na roho mbaya; wiki ile alikuwa amezika waumini watatu. Ticha alikubali kwa mdomo, moyo ukakataa. Kesho yake asubuhi alivaa barakoa, akatembea hadi kwa kina Kasuku, akasimama nje ya uzio. Shangazi akamketisha mtoto kwenye ngazi ya mlango.

Njia nzima Ticha alikuwa akipanga maneno: mbinguni, malaika, machozi kufutwa. Kabla hajafungua kinywa, mtoto akasema:

"Ulituambia tukiomba Mungu anasikia. Mimi niliomba."

"Najua, mwanangu."

"Sasa mbona hakusikia?"

Yale maneno aliyoyapanga yote yakamtoka kichwani.

"Sijui," alisema. "Mume wangu alipougua, nami niliomba hivyohivyo. Akafa. Mpaka leo sijui."

Kasuku akainua macho, akamtazama.

"Mimi sikumuaga. Walinificha."

"Ungemwambia nini?"

Mtoto, macho chini, akaanza kumwambia bibi: kwamba kile kitambaa chake cha kichwa anacho yeye, amekilalia, asimkasirikie, kwamba kuku mweusi ametotoa vifaranga sita. Alipofika kwenye vifaranga sauti ikakatika, akalia kilio kilichokuwa kimekwama siku zote hizo. Shangazi akamkumbatia. Ticha hakuruhusiwa kumgusa mtu. Alishika uzio kwa mikono miwili, akalia pamoja nao kutoka hukohuko nje.

Tangu siku hiyo aliongeza ziara. Simu Jumamosi, miguu Jumapili, nyumba tatu au nne, daima nje ya uzio. Mchungaji alipopata habari hakumgombeza; alimwomba aongeze kwenye orodha yake nyumba mbili zenye msiba.

Miezi saba baadaye kanisa lilifunguliwa, viti vikiwa vimetenganishwa. Kati ya watoto thelathini na mmoja walirudi kumi na tisa. Wengine walikuwa wamehama, wengine wamezoea kubaki nyumbani. Kasuku alirudi, ila hakuwa tena yule wa zamani. Alikaa nyuma, kimya.

Jumapili ya tano Ticha aliuliza nani atafunga kwa sala. Mkono wa Kasuku ukainuka.

"Mungu," alisema, "mimi bado nimekukasirikia. Lakini mtunze bibi. Magoti yanamuuma, usimpandishe ngazi. Amina."

Baadhi ya watoto waligeuka kumtazama Ticha, wakidhani mwenzao atakaripiwa.

"Amina," Ticha akaitikia, kwa sauti ya watu wote kusikia.