Pengo la Kuagiza

Mama yangu ni Mgogo wa zamani, wa wale waliong'olewa meno mawili ya mbele ya chini wakiwa wasichana. Wengine walisema ni urembo, wengine wakasema ni ili mtu akifungwa taya na pepopunda apate pa kupitishiwa uji. Mama hakuwahi kulijadili jambo hilo. Lilikuwa pengo lake tu, na kila neno lenye s lilipita hapo na mluzi mdogo, kama upepo chini ya mlango.

Mwaka aliofariki mume wangu, meno ya Mama yaliyobaki yalilegea, daktari wa mjini Dodoma akayang'oa yote. Nilimsindikiza kwa sababu sikuwa na jambo jingine la kufanya. Yeye alipigwa sindano ya ganzi. Mimi yangu ilikuja bila sindano. Nilipika, nilifua, niliitikia pole za watu, na hakuna kilichoniuma. Nilikuwa sijalia.

Tatizo lilikuwa Gulwe. Huko anaishi mama yangu mdogo, kwa mwanawe. Haoni tangu utotoni, na moyo wake ni mgonjwa. Wazee wa ukoo waliamua asiambiwe msiba wangu mpaka apate nafuu. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Wazee wetu wakaficha kifo chenyewe. Mama mdogo akagundua kwamba kila anayempigia simu anazungusha maneno, akataka aongee na dada yake. Mama akaongea naye akiwa kibogoyo. Hakuna neno lililoeleweka.

"Huyo si dada yangu," mama mdogo akasema. "Dada yangu amekufa, mnanificha kwa kuwa sioni."

Akasusa chakula. Huko Gulwe analiliwa mtu, na mtu mwenyewe yuko sebuleni kwangu anakula ugali kwa mlenda. Mlenda hautaki meno, kwa hiyo njaa haikuwa hoja. Mama aliagiza meno ya bandia ili mdogo wake asife kwa kumlilia mtu mzima.

Fundi wa meno alikuwa mtu wa Moshi, mpole. Meno yakatoka meupe, yamejaa juu na chini. Jioni tukapiga simu. Maneno ya Mama yalitoka yamenyooka kama ya mtangazaji wa redio. Mama mdogo akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamjibu kwa adabu, "Asante kwa kunipigia, mama. Wewe ni wa ukoo gani?"

Mama akayatoa meno, akayaweka kwenye bakuli.

"Ameziba," akasema kwa fizi zake. Sikumwelewa mpaka alipogusa kwa kidole palipokuwa na pengo lake. Fundi angejuaje? Alikikuta kinywa kitupu, na hakuna aliyemwambia kwamba mawili yalitoka kwanza, tena kwa heshima.

Tukarudi kwake.

"Shikamoo bibi. Yanabana?"

"Marahaba. Hayabani. Toa haya mawili."

Fundi akanitazama mimi, kana kwamba mimi ndiye mwenye akili timamu. "Bibi, kazi yangu ni kuziba mapengo. Kutengeneza pengo sijawahi kuombwa."

"Basi leo umeombwa."

Akayasaga. Mama akayavaa, akajaribu: sasa, sisi, siku. Mluzi ulikuwepo. Hakusubiri tufike nyumbani; palepale kwenye benchi akanyoosha mkono nimpe simu.

"Mbukwa," akamsalimu mdogo wake, kisha akaendelea kwa Kigogo, akimfokea kwa kususa chakula kama mtoto. Simu yangu ina spika kubwa, nilisikia yote.

"Dada," mama mdogo akasema. "Kumbe upo."

"Nipo. Nenda kale."

Nilidhani yameisha, nikaanza kufunga mkoba. Mama mdogo akavuta pumzi.

"Kama wewe upo, basi aliyekufa ni nani?"

Mama alinitazama, akanipa simu. Msiba ule walikuwa wameutangaza kaka zangu na mchungaji, kila mahali, kwa niaba yangu. Mimi sikuwa nimemwambia mtu hata mmoja.

"Mama mdogo, ni mume wangu," nikasema. "Mume wangu amekufa."

Nami ndiyo kwanza nikaisikia habari hiyo.