Bukuru wa Simbo

Ukiitwa Butoyi, Kigoma nzima inajiona ina haki ya kukuuliza habari za kwenu. Butoyi ni jina la pacha wa pili. Wa kwanza ni Bukuru, na hapo hapana mjadala: si baba anayechagua wala padri, mtoto anatoka nalo tumboni. Waha wana majina hayo na Warundi wana majina hayo, kwa hiyo Léoncie Butoyi, mkimbizi kutoka Burundi, mwanafunzi wa uuguzi aliyekuwa akifanya mafunzo yake katika kituo kimoja cha afya pale Ujiji, hakuwa na pa kujificha. Mama muuza nyanya akishalisikia jina lake tu, atauliza kwa wema kabisa, "Na Bukuru yuko wapi?"

Mwanzoni alikuwa analia. Baadaye akajifunza kujibu, "Yuko njiani," na nyanya zikafungwa.

Njia hiyo ilikuwa imekaribia miaka tisa. Oktoba ya 1993, yeye na pacha wake Térence, wakiwa na miaka kumi na mitatu, walifika ufukoni mwa ziwa pale Nyanza-Lac usiku na umati wa watu wanaokimbia. Mama yao alikuwa amebaki nyuma, na nikisema kubaki nadhani nimeeleweka. Mwenye mtumbwi akasema imebaki nafasi moja, ya mtu mwepesi. Sasa, kwao kila kitu Bukuru ndiye hutangulia: kuogeshwa, kunyolewa, kupakuliwa chakula. Usiku ule Térence alimsukuma dada yake mgongoni, akamwambia, "Tangulia wewe, mimi nakuja na mtumbwi unaofuata." Léoncie akatangulia. Mtumbwi unaofuata hakuna aliyeuona ukifika, na yeye hajajisamehe mpaka leo kwa kukubali kupanda kwanza.

Kuna pia sheria nyingine ya mapacha: ukimpa mmoja, mpe na mwenzake, la sivyo unajitafutia maradhi nyumbani. Basi kila tarehe tisa ya mwezi wa sita, siku yao ya kuzaliwa, Léoncie alikuwa na vitu viwili. Kule kambini vilikuwa viazi vitamu viwili. Kimoja alikula, cha pili alikiweka kando ya mkeka mpaka kikaota. Hakuthubutu kukila wala kumpa mtu. Miaka iliyofuata vikawa vitambaa viwili vya mkononi, kalamu mbili, sahani mbili za bati. Mwaka huu wa 2002 alikwenda kwenye mitumba akajichagulia blauzi, kisha akatafuta shati. Tatizo la shati ni kipimo. Amwache Térence katika mabega ya miaka kumi na mitatu? Akaamua kumkuza. Alimsimamisha Nikodemu, kijana wa dirisha la dawa, akamwekea shati mgongoni huku na huku, na Nikodemu akajiona anapendwa. Maskini, alijipulizia marashi wiki nzima.

Chumba chake kilikuwa Katubuka, alichopanga pamoja na Elinipa, muuguzi aliyepangiwa kazi huku kutoka Same. Mwezi wa tatu Elinipa alitimiza miaka ishirini na mitano, na watu wa kituoni walimmwagia ndoo tatu za maji uani, kwa vigelegele, kama ilivyo desturi yao, kisha wakakata keki. Elinipa akiwa anachuruzika maji akamuuliza, "Na wewe dada, yako lini?" Léoncie akajibu kwamba haijui. Wakimbizi wengi hawaijui kweli, kwa hiyo hakuna aliyemtilia shaka. Ukweli ni kwamba siku ile aliiona si yake peke yake hata aitaje. Tena maji, jamani. Amwagiwe maji, acheke?

Sasa Elinipa alikuwa likizo kwao, wanafunzi wenzake wamekwenda makwao, na ile tisa iliangukia Jumapili. Ukiwa ugenini, siku ya kuzaliwa ina ubaya wake: inakuja tu, hata kama hakuna wa kuipokea. Léoncie alikuwa ameanza kuiogopa wiki mbili kabla. Alijiambia kwamba mwaka huu akiimaliza peke yake tena chumbani, na shati limekunjwa kitandani, hajui atafanya nini. Alijiambia hivyo bila kutia chumvi.

Alhamisi kabla ya siku hiyo, redio ya Nikodemu ilikuwa ikisoma matangazo ya wanaotafuta ndugu. Léoncie alikuwa anafunga kidonda cha mtu. Redio ikasema: "Bukuru, mzaliwa wa Nyanza-Lac, sasa yuko Simbo, anamtafuta pacha wake Butoyi, msichana, ambaye walipotezana majini wakati wa kukimbia vita."

Mgonjwa ndiye aliyemshtua. "Sista, bendeji inatosha, sasa unanifunga na kiti."

Alikwenda mbio kwenye ofisi ya kutafuta ndugu. Karani pale alikuwa Benedict, kijana safi wa Singida, mwenye miezi minne tu Kigoma. Alilinganisha karatasi mbili kwa kidole, ya mtu wa Simbo na ile Léoncie aliyoiandikisha tangu kambini, mistari ya juu tu. "Bukuru na Butoyi. Nyanza-Lac. Majini. Dada, unataka nini tena? Majina kama haya yatapatikana wapi mara mbili?"

Mtu yeyote wa Kigoma angemcheka, maana majina kama hayo yamejaa kila kilima kutoka Kasulu hadi Bujumbura. Léoncie mwenyewe alijua. Lakini mfa maji haachi kutapatapa, na aliyemnyooshea mkono alikuwa na muhuri wa ofisi. Benedict akampa fomu yenye mstari mmoja wa maana: *Sisi tulioweka sahihi hapa chini tumekutana.* Wakishaijaza, airudishe, na majalada yote mawili yatafungwa.

Jumapili hiyo alivaa blauzi mpya, akatia shati kwenye mfuko, akapanda gari la Simbo. Pale njia panda alimuuliza mama mmoja mwenye jembe begani, akaelekezwa nyumba iliyo nyuma ya shamba la mihogo. Alipoingia kwenye ile njia nyembamba, miguu yake ilitaka kukimbia na yeye akaizuia, asije akafika amelowa jasho mbele ya ndugu yake.

Uani palikuwa pamefagiwa hata jani halipo. Kwenye mkeka kulikuwa na sahani mbili zimefunikwa, na harufu ya kuku. Mlangoni alisimama mzee wa miaka hamsini hivi, shati limefungwa vifungo hadi kooni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba! Marahaba, mwana wanje! Mana yanje, Mungu wangu, tazama macho, macho ni yale yale!" Alimshika mikono yote miwili. Mikono yake ilikuwa mikavu ya kushika jembe.

Léoncie alitazama nyuma ya bega lake, ndani kwenye giza la nyumba. Kisha akauliza lile swali ambalo watu walimuuliza yeye miaka yote. "Bukuru yuko wapi?"

Mzee akaangua kicheko. "Yuko! Yuko hapa hapa Simbo, hajafa! Wamemzika mara ngapi kwa midomo yao, na bado yuko!"

Léoncie akakaa mkekani bila kukaribishwa. Alilia kwa kwikwi kama mtoto, na mzee naye akalia, akipangusa pua kwa mkono wa shati lake safi.

"Na mama?" mzee akauliza. "Mama yako?"

"Mama hayupo, mzee. Nimekuja peke yangu."

"Haidhuru, atakuja. Mguu wake ule si wa kukimbizana na magari. Tutangoja."

Léoncie hakuuelewa huo mguu, na wala hakutaka kuuelewa. Alilosikia ni *tutangoja*. Alimchukulia mzee huyu kuwa mtu mwema aliyemlea Térence, mzee wa watu anayechanganya maneno kwa furaha, na Térence yuko shambani au kisimani, anakuja. Alitoa shati akalitandaza mkekani ili alione mara atakapotokea. Mzee alipoiona ile fomu ikitoka mfukoni, hakungoja hata kusomewa. Alileta wino wa kopo dogo, akabandika dole gumba kwa nguvu hadi karatasi ikakunjamana. Wakakaa bega kwa bega, wote wawili wanaitazama ile njia ya mihogo, wote wawili wanatabasamu. Sitaki kuwaharakisha watoke hapo, maana ndicho kipande pekee kizuri cha siku ile.

"Hebu niambie," mzee akasema, macho bado njiani, "kati yangu na yeye, nani amezeeka zaidi?"

"Yeye nani?"

"Butoyi."

"Butoyi ni mimi, mzee."

"Walikupa jina la mama yako?"

"Hapana." Sauti ya Léoncie ilishuka. "Mimi ndiye Butoyi. Ninamtafuta Bukuru, pacha wangu. Leo ametimiza miaka ishirini na miwili."

Mzee alimgeukia polepole. Alimtazama kuanzia nywele hadi viatu, na safari hii hakuyatazama macho.

"Mwana wanje," akasema, "wewe ulikimbia vita ipi?"

"Ya tisini na tatu."

"Mimi ya sabini na mbili."

Redio haikuwa imesema vita ipi. Nani angewaza kuuliza? Bukuru wa Simbo alimpoteza Butoyi wake kwenye mto Malagarasi akiwa kijana wa miaka ishirini. Yeye alivuka kwanza, kama ilivyompasa Bukuru, na alipogeuka kumpa mkono dada yake mwenye mguu mbovu, hakuona mtu. Miaka thelathini. Alioa, mke akafa, watoto hawakujaliwa. Kila mavuno alitenga sehemu ya Butoyi. Hata sahani ile ya pili pale mkekani ilikuwa yake.

Léoncie alisikiliza, na kila neno la mzee lilimwingia kwa jina lake. Hakumhurumia, nisiseme uongo. Alimwogopa. Alikuwa anaitazama tarehe tisa Juni ya mwaka ule atakapokuwa na miaka hamsini, ua umefagiwa na shati limepanda kipimo. Alitaka kupiga kelele, lakini alikuwa mgeni katika nyumba ya watu.

Mzee alifunua sahani zote mbili, akamsogezea moja. "Kula. Si umeitwa Butoyi?"

Alikula matonge mawili.

Ndipo mzee akaisukuma ile fomu kwake, na kopo la wino juu yake. Hakuthubutu kumtazama. "Tia sahihi."

"Mzee, si mimi."

"Soma hapo. Imeandikwa nini? Tumekutana. Hatujakutana? Bukuru na Butoyi, Nyanza-Lac, majini. Hakuna uongo hata neno moja. Utakuja sikukuu, nitakupa mihogo, mahindi. Nimechoka, mwanangu. Nataka wafunge hilo jalada."

"Wakilifunga lako, wanafunga na langu."

"Nalijua hilo."

"Nani atamtafuta Térence?"

Hapo mzee alinyanyua uso, na ukali wote ukamtoka mara moja. "Na mimi, nani atanizika?"

Wewe ungemjibu nini? Léoncie aliitazama ile nafasi tupu pembeni ya dole gumba. Ingechukua muda wa kuandika herufi sita. Angekuwa na mjomba, na pa kwenda Jumapili, na mtu wa kumwuliza habari za kazi. Hata siku ya leo isingekuwa ya upweke tena. Na huko aliko Térence, kama yuko, siku moja angekwenda kwenye dirisha la ofisi fulani akaambiwa: Butoyi wa Nyanza-Lac alishapatikana, kijana, ana ndugu yake.

"Nisamehe," akasema. "Siwezi kutangulia mara ya pili."

Mzee hakulijua neno hilo lina nini ndani yake, lakini aliona uso wake, akaacha kusihi. Léoncie alilikunja shati. Mzee alilifuata kwa macho mikono ilipolikunja, kola ilipopotea, mpaka likaingia mfukoni. Yeye pia aliitwa Bukuru, na alikuwa amempa Butoyi sahani. Wote wawili waliijua sheria. Hakuliomba, na Léoncie hakumpa. Aliaga kwa "Shikamoo" ingawa hakuna anayeaga hivyo, maana neno lingine hakulipata. Fomu aliichukua, dole gumba moja na nafasi moja tupu.

Alikuwa amefika mwisho wa shamba la mihogo aliposikia.

"Butoyi! Ee Butoyi!"

Haikuwa sauti ya kumwita mtu aliye hatua hamsini. Ilikuwa ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya mto, na mto umejaa. Léoncie alijua kabisa kwamba si yeye anayeitwa. Aliweka mfuko chini, akageuka kuitazama ile nyumba, akaitika kwa nguvu zake zote.

"Abee!"