Wanafunzi Wangu Wameisoma Siri ya Mume Wangu

Admin, jina langu lifiche. Mji usihangaike kuuficha, Ifakara nzima imeshanijua. Na ninyi mnaokimbilia kuandika "piga magoti uombe", leo naomba mnipishe. Nimeomba miaka tisa.

Nina miaka thelathini na saba, ni mwalimu wa Biolojia sekondari, naishi mtaa wa Lipangalala. Mume wangu ni Msukuma. Wazazi wake walishuka na ng'ombe kwenye bonde hili miaka ya tisini, wakaweka makazi upande wa Lupiro. Hatujapata mtoto, na mama mkwe hanitaji kwa jina. "Mwanangu kaoa gogo," anawaambia wageni mbele yangu, "linakula wali, halizai." Nanyamaza, namwongezea mboga.

Nanyamaza kwa sababu tulipima sote wawili. Mimi sina tatizo. Yeye mbegu zake ni chache mno. Siku ya majibu alilia, akaniapisha nisimwambie kiumbe chochote. Nikaapa.

Shuleni kwetu kitabu kimoja wanagombania wanafunzi wanane. Kwenye semina nikajifunza kutumia tovuti ya kuhifadhi kurasa za mtandaoni. Ukikuta ukurasa mzuri unauweka kwenye orodha yako, unaandika maelezo mafupi chini yake, wanafunzi wakiingia wanausoma na kuulizana maswali hapo hapo. Vijana waliipenda mno, hata wa shule nyingine wakajiunga. Kosa langu ni kwamba akaunti hiyo hiyo ndiyo niliyohifadhia kurasa za matibabu ya mume wangu. Nilidhani fungu la binafsi linabaki langu. Kumbe siku nilipowafungulia wanafunzi, nilifungua vyote.

Jumanne iliyopita tuko chumba cha kompyuta, binti mmoja wa kidato cha tatu akanyoosha mkono. Hakuwa na ubaya wowote, masikini.

"Madam, na hii iliyoandikwa 'mbegu za mume wangu, mama yake asijue', nayo ipo kwenye mtihani?"

Darasa likaangua kicheko. Niliufuta ukurasa ule haraka, lakini mwalimu wa Hesabu alikuwa kasimama nyuma na simu yake. Huyu tunawania naye nafasi ya mwalimu wa taaluma. Kabla kengele haijalia, picha ilikuwa kwenye grupu la walimu, na chini yake ameandika: "Biolojia kwa vitendo." Wenzangu wakamwekea vikatuni vya kucheka. Niliowasimamia vipindi walipouguliwa, ndio hao.

Nilimfuata ofisini. "Umepata faida gani?" Akajibu bila kuinua macho, "Madam, umeweka mwenyewe hadharani. Mimi nimesoma tu kama wanafunzi wako." Sijawahi kumchukia mtu hivi. Namchukia mpaka naogopa.

Jioni mume wangu aliingia, picha imeshamfikia, salamu hakuna.

"Miaka tisa nimekuvumilia, malipo yake ndiyo haya?"

"Umenivumilia nini? Nani kaitwa gogo hapa, mimi au wewe?"

Akatoa hukumu yake kama mtu aliyeikariri njiani. Jumamosi hii baba zake wadogo wanakuja. Nisimame mbele yao niseme yale maandishi yalikuwa mfano wa kufundishia tu, na kwamba mgumba ni mimi. Baada ya hapo ataoa mke wa pili, watu wanyamaze. Mama yake ameshapata binti wa kijiji cha Sanje.

"Na huyo naye asipozaa?" nikamuuliza.

"Hilo halikuhusu."

Nikataka kujua ni binti wa nani. Aliponitajia jina, nilimjua mara moja. Nilimfundisha mtoto huyo kidato cha kwanza na cha pili, akaacha shule baba yake alipofariki. Alikuwa wa kwanza kwenye somo langu. Sasa anapelekwa akaanze miaka yake tisa ya kuitwa gogo, na ushahidi wa kumpeleka nitoe mimi.

Nikisema ukweli mbele ya wazee, nimemvua mume wangu nguo kwa kinywa changu, na ndoa imekwisha. Bado nampenda, ndugu zangu, hilo ndilo linalonitia hasira zaidi. Nikisema uongo, nabaki na nyumba, nimemzika mtoto wa watu.

Jana binti mwenyewe amenitumia ujumbe: "Shikamoo Madam. Mama amepokea posa, wamesema wewe ndiye mgonjwa. Huku kuna maneno mengine nimeyasikia. Madam, ni kweli au uongo? Wewe ukiniambia nitaamini."

Nimeusoma mara ishirini, sijamjibu. Mnaojua uchungu huu, niambieni: nimjibu nini mtoto huyu, na Jumamosi nisimame niseme nini?